Mahali Katika Hadithi Fupi: Mandhari ya Bujumbura na Msaada wa Utafiti

Utangulizi

Walimu wengi wa fasihi, tunapofikia kipengele cha mandhari katika hadithi fupi, hukipitia upesi upesi. Mwanafunzi huulizwa hadithi imetokea wapi, naye hujibu "mjini" au "kijijini". Huulizwa imetokea lini, naye hujibu "zamani" au "siku hizi". Kisha sote twaendelea na wahusika, dhamira na tamathali za usemi, kana kwamba mahali ni kiti tu alichokalia mhusika, ambacho kingeweza kubadilishwa na kingine pasipo hadithi kupungukiwa na kitu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mazoea hayo yatutia hasarani. Hoja yake ni moja. Mwandishi wa hadithi fupi hana nafasi ya kueleza mahali kwa urefu. Mara nyingi hutaja jina la mtaa, ufuko au njia, akaendelea na safari yake. Jina hilo ni mfano wa sanduku lililofungwa: ndani yake mna historia ya watu, sheria, biashara na manung'uniko. Msomaji asiye na ufunguo huliona sanduku asione kilichomo, na ufunguo huo, mara nyingi, umo mikononi mwa wataalamu wa historia na wa elimu ya jamii ambao wameutafiti mji ule.

Kwetu sisi tunaofundisha Kiswahili mjini Bujumbura jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Julai 2007, ufundishaji wa Kiswahili umepanuka katika shule zetu, na hadithi tunazosomesha zatoka zaidi Unguja, Pemba, Dar es Salaam, Mombasa na bara la Kenya. Hilo si kosa, ni utajiri. Lakini mwanafunzi wetu asipofundishwa kuyasoma mahali, huondoka darasani akiamini kwamba Kiswahili ni lugha ya watu wa mbali wenye minazi na majahazi, nayo imefika kwake juzi kama mgeni mwenye mzigo. Naye, huenda, amezaliwa hatua chache kutoka Buyenzi, mtaa ambao watu wake wamekuwa wakinena Kiswahili vizazi na vizazi.

Maana ya Mandhari

Neno mandhari lina asili ya Kiarabu, na shina lake lahusu kutazama. Katika matumizi ya kila siku twasema mandhari ya ziwa au ya mlima, yaani sura inayolikabili jicho. Katika uhakiki neno limepanuka. Vitabu vyetu vya uhakiki, kuanzia Fasihi cha F.E.M.K. Senkoro (1982) hadi Kichocheo cha Fasihi cha K.W. Wamitila (2003), vimetuzoeza kuiona kazi ya fasihi pamoja na jamii na wakati wake. Basi, kwa ajili ya mjadala huu, tuseme mandhari ina sehemu tatu: mahali palipotokea tukio, wakati lilipotokea, na hali ya jamii iliyopafanya mahali pale pawe vile palivyo wakati ule.

Sehemu ya tatu ndiyo tunayoisahau. Mtaalamu wa Kirusi, Mikhail Bakhtin, katika insha aliyoiandika mwaka 1937 na 1938 na iliyochapishwa kitabuni mwaka 1975, alifundisha kwamba katika simulizi mahali na wakati haviachani: wakati hujionyesha ndani ya mahali, na mahali hupata maana kwa wakati. Alitaja njia, ambako watu wa tabaka mbalimbali hukutana kwa bahati. Akataja kizingiti cha mlango, ambapo mtu huamua jambo kubwa la maisha yake. Akataja pia sebule za matajiri katika riwaya za Kifaransa, ambamo siasa na mapenzi husukwa pamoja.

Bakhtin alikuwa akisema juu ya riwaya, lakini fundisho lake lafaa kwetu pia. Tukitafuta katika fasihi ya Kiswahili mahali panapofanya kazi ya sebule ile, tutaliona baraza la nyumba. Barazani jirani hukaa, mpita njia husalimu, habari hupokewa na kupotoshwa, mchumba hupelelezwa, deni hudaiwa kwa mafumbo. Mwandishi akimwondoa mhusika barazani na kumwingiza ndani, amemwondoa katika macho ya watu. Hilo ni tukio, ijapokuwa hakuna aliyepigwa wala aliyekufa.

Historia Fupi ya Mandhari Yetu

Kabla ya kufika kwenye hadithi, yafaa tuutazame mji wenyewe, maana ndio utakaotupa mifano.

Upande wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, nchi ya ufukweni ulipo mji wa leo ilijulikana na wasafiri wa karne ya 19 kwa jina la Uzige. Ziwa lilikuwa njia kuu. Ujiji, upande wa mashariki wa ziwa, ulikuwa mji wa wafanyabiashara waliotoka pwani. Richard Burton na John Speke waliufikia mwezi Februari 1858 kwa kufuata njia iliyokuwa imekwisha kukanyagwa na misafara. Mtafiti Beverly Brown, katika tasnifu yake ya mwaka 1973 juu ya historia ya Ujiji, ameueleza mji ule uliojengwa na biashara ya ziwa, na ambamo watu wa ziwani na watu wa pwani walichanganyika. Kutoka huko Kiswahili kilisafiri kwa mitumbwi na mashua, pamoja na chumvi, nguo, pembe za ndovu na, kwa huzuni, watumwa.

Lakini milima ya Burundi haikufunguka kwa urahisi. Mwami Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908, alizuia majeshi ya Rumaliza, mfanyabiashara mwenye nguvu aliyekuwa na makao Ujiji, yasiingie nchini mwake. Ndiyo maana katika Burundi Kiswahili kilikaa chini, ufukweni, ilhali Kirundi kilibaki bwana wa milimani. Mpaka huu baina ya ufuko na mlima ni wa kale kuliko ukoloni, na hadithi yoyote inayomteremsha mhusika kutoka kilimani kuja mjini yauvuka, hata kama mwandishi hakuutaja.

Mwaka 1897 Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi Usumbura. Wakaja askari, makarani, mafundi na wachuuzi, wengi wao wakinena Kiswahili, wengine wakitoka Ujiji, wengine Umanyema ng'ambo ya ziwa. Wabelgiji waliitwaa nchi mwaka 1916, nao wakaufanya Usumbura makao makuu ya utawala wao wa Ruanda-Urundi. Wakaupanga mji kwa rangi na asili: Wazungu upande wao, Waasia mtaa wao, na Waafrika mitaa yao. Waswahili waliokuwa wakikaa karibu zaidi na ufuko walihamishiwa Buyenzi, wakapewa viwanja vilivyopimwa kwa mistari iliyonyoka, na njia zikapewa namba badala ya majina. Jirani yao ukawa mtaa wa Bwiza, uliojulikana zamani kwa jina la Belge. Baadaye, katika miaka ya 1950, ukajengwa mtaa wa Ngagara, ambao wazee hata sasa huuita OCAF kwa kufuata jina la idara iliyoujenga.

Mwanahistoria Geert Castryck wa Ubelgiji, katika tasnifu yake ya mwaka 2006 kwenye Chuo Kikuu cha Ghent, amewaandika Waislamu wa Usumbura kuanzia mwaka 1897 hadi 1962. Faida kubwa ya kazi ya namna hii kwa mwalimu wa fasihi ni kwamba yatukumbusha jambo moja: Buyenzi haukuota kama uyoga. Uliamuliwa, ukapimwa, ukajazwa watu. Kisha watu wale wakaugeuza kuwa kwao.

Nchi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, Usumbura ukawa Bujumbura. Ukabaki mji mkuu hadi mwanzoni mwa mwaka 2019, wakati Gitega ulipotangazwa kuwa makao makuu ya kisiasa, nao Bujumbura ukaendelea kuwa mji mkuu wa biashara.

Sentensi Moja na Yaliyomo Ndani Yake

Sasa tujaribu ufunguo wetu. Tutunge sentensi ya kufungulia hadithi, kama anavyoweza kuitunga mwandishi yeyote wa hadithi fupi:

"Aliteremka bandarini Usumbura asubuhi moja ya masika, akafuata njia yenye namba kumi na tatu mpaka kwa shangazi yake; na jirani walipouliza ni nani yule, shangazi akajibu: ni mtoto wa Ujiji."

Mwanafunzi akiulizwa mandhari ya sentensi hii atasema: ni mjini, asubuhi, wakati wa mvua. Amesema kweli, lakini ameliacha sanduku limefungwa. Tulifungue.

Jina Usumbura latuambia kwamba tuko kabla ya mwaka 1962, au kwamba msimulizi ni mzee anayeshikilia jina la ujana wake. Njia yenye namba yatuambia kwamba Buyenzi umekwisha kupimwa, kwa hiyo tuko katika utawala wa Wabelgiji. Mwandishi hakuandika mwaka wowote, lakini tumeupata wakati wake kwa kulisoma jina na namba.

Kuteremka bandarini nako kuna habari. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, ikaishia hapo. Hakuna reli iliyofika Usumbura katika zama zote za ukoloni. Aliyetoka Ujiji na Kigoma alikuja kwa ziwa. Mwanafunzi akiandika insha ambayo babu yake anateremka kwa garimoshi mjini Usumbura mwaka 1950, si lazima tumkemee, lakini lazima tumwonyeshe kwamba mji wake ulitazama ziwani, na kwamba mlango wake ulikuwa maji.

Limebaki jibu la shangazi, nalo ndilo zito kuliko yote. Hadi mwaka 1916 Ujiji na Usumbura ilikuwa chini ya bendera moja ya Kijerumani. Baada ya vita Ujiji ukaangukia kwa Waingereza na Usumbura kwa Wabelgiji. Mtoto wa Ujiji, kwa hesabu ya damu, ni mtoto wa nyumba. Kwa hesabu ya mtawala, ni mgeni aliyetoka koloni la watu wengine. Jibu la shangazi laweza kuwa la kujivunia, laweza kuwa la kujikinga, laweza hata kuwa la kumkana. Hapo ndipo mgogoro wa hadithi unapoanzia, nao umo ndani ya mandhari tangu sentensi ya kwanza. Msomaji asiyejua historia ya mpaka ule atangoja mgogoro uanze, na huku umekwisha kuanza.

Neno Mswahili Kama Mahali

Kuna neno lingine ambalo katika mji wetu ni jina la watu na papo hapo ni jina la mahali: Mswahili. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya pwani. Lilipofika ukingoni mwa ziwa, liliwapata watu wasiokuwa wa pwani hata kidogo: wajukuu wa Wamanyema, watu wa Ujiji, Warundi waliosilimu na kuhamia mjini. Kuwa Mswahili kukawa ni kukaa mtaa fulani, kuvaa namna fulani, kuswali, kuuza na kununua, na kunena lugha fulani.

Watu wa milimani hawakulipokea neno hili kwa wema sikuzote. Kwa vinywa vya wengi likachukua maana ya mtu mjanja, mwenye maneno mengi, asiyeaminika. Jambo hili halikutokea Burundi peke yake. Dar es Salaam, iliyopangwa na Wajerumani kisha na Waingereza kwa mitaa ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, neno Uswahilini nalo limebeba maana ya mahali pa vurugu na unyonge. Tukiziweka Dar es Salaam na Usumbura pamoja, twaona kwamba dharau ile haikutokana na tabia ya watu, ilifuata ramani. Waliowekwa mahali pa chini waliitwa watu wa chini.

Mwalimu anapokutana katika hadithi na mhusika anayeitwa Mswahili kwa kejeli, asilipite neno hilo kwa kuona haya. Alisimamishe darasani, aulize nani anasema, akiwa wapi, na lini. Wamo madarasani mwetu watoto wa Buyenzi wanaoinamisha vichwa neno hilo linapotajwa. Historia ikielezwa sawasawa, wataviinua, maana watajua kwamba Mwanamfalme Louis Rwagasore, alipoanzisha ushirika wa wafanyabiashara mwaka 1957 na alipoongoza harakati za uhuru, aliwategemea pia watu wa mitaa hiyo. Rwagasore aliuawa kwa risasi tarehe 13 Oktoba 1961 katika mkahawa ulio kando ya ziwa, mjini Usumbura, majuma machache baada ya chama chake cha UPRONA kushinda uchaguzi. Basi hata mkahawa wa ufukweni, katika hadithi ya mwaka ule, si mahali pa kunywea tu.

Hadithi Mbili za Mkusanyiko Mmoja

Tuutazame sasa mkusanyiko unaojulikana na walimu wengi wa Afrika Mashariki, Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda mwaka 2015. Ndani yake zimo hadithi mbili zinazofaa kulinganishwa, maana zaeleza mtaa wa wanyonge kwa njia mbili tofauti.

Ya kwanza ni "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed, mwandishi aliyezaliwa Pemba mwaka 1947. Mtaa wake waitwa Madongoporomoka, nao haupatikani katika ramani yoyote. Mji mkubwa ulio jirani wataka kupanuka. Wanyonge wa mtaa, wakiongozwa na Mzee Mago, wataka haki ya ardhi yao. Lafika jitu kubwa la kutisha, lala chakula chote kilichopikwa mkahawani, laahidi kurudi. Na linaporudi, vibanda vyabomolewa. Jina la mtaa ni fumbo lililo wazi: ni madongo, tena yaporomoka. Mwandishi amekataa kwa makusudi kutuambia ni nchi gani.

Ya pili ni "Ndoto ya Mashaka" ya Ali Abdulla Ali. Humo Mashaka, mlinzi wa usiku mwenye watoto wengi, aishi katika chumba kimoja mtaani Tandale. Tandale ni mtaa wa kweli wa Dar es Salaam, na msomaji wa Tanzania aweza kupanda basi akaufikia.

Utafiti watusaidiaje katika hadithi hizi mbili? Katika ile ya Tandale, watusaidia moja kwa moja. Sensa ya mwaka 1967 iliwahesabu wakazi wa Dar es Salaam wapatao 273,000. Ile ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya milioni 4.3. Watu walizidi mara kumi na sita katika miaka arobaini na mitano, na sehemu kubwa ya makazi yao ilijengwa pasipo mpango. Tena, J.A.K. Leslie, katika uchunguzi wake wa Dar es Salaam alioufanya katikati ya miaka ya 1950 na kuuchapisha mwaka 1963, alieleza nyumba ya Kiswahili ilivyo: ukumbi katikati, vyumba vya kupangisha huku na huku, na ua wa nyuma wenye jiko na choo vinavyotumiwa na wote. Mwanafunzi akiyajua hayo, chumba kimoja cha Mashaka hakiwi tena neno la kusema "maskini". Atauliza maswali yaliyo bora: Jirani ni nani? Wanasikia nini kupitia ukutani? Watoto walala wapi? Mtu ambaye kazi yake ni kulinda mali za wengine usiku, nyumba yake mwenyewe yalindwa na nani?

Katika ile ya Madongoporomoka utafiti hauwezi kutuonyesha mtaa wenyewe, kwa sababu haupo. Lakini wanafunzi wetu wakishajifunza jinsi Waswahili wa Usumbura walivyohamishwa ili mji upangwe apendavyo mtawala, watajua kwamba Mzee Mago ana ndugu wengi. Ndugu hao walikuwako wakati wa ukoloni. Nao, kwa mujibu wa hadithi, wapo hata baada ya bendera kubadilika. Hapo ndipo uchungu wa hadithi ulipo: jitu limevaa nguo mpya, tumbo ni lile lile. Mwandishi amebuni mtaa usio wa nchi yoyote ili kila nchi ijione ndani yake. Mwalimu wa Bujumbura hana haja ya kusema "hii ni habari ya Wakenya" wala "ya Wazanzibari". Ana haki ya kuuliza: kwetu Madongoporomoka ni wapi?

Jua Lachwea Wapi?

Mandhari ya asili nayo yataka uchunguzi, ingawa hapa huhitaji maktaba, macho yatosha. Mara nyingi insha za wanafunzi wetu huanza kwa jua kuchomoza kutoka majini. Wameliona jambo hilo katika vitabu vya pwani, ambako Bahari ya Hindi iko mashariki. Lakini Bujumbura uko ukingo wa mashariki wa ziwa. Kwetu jua hutoka nyuma ya milima iliyo juu ya mji, nalo huchwa ng'ambo ya maji, nyuma ya milima ya Uvira iliyoko Kongo. Mwanafunzi anayeandika kwamba jua lilichomoza kutoka ziwani ameazima alfajiri ya Mombasa na kuiweka Bujumbura.

Vivyo hivyo kuhusu samaki na vyombo. Samaki ambaye watu wa Kigoma humwita mgebuka, sisi humwita mukeke; ni samaki yule yule wa ziwa lile lile. Dagaa wao ndio ndagala wetu. Mwandishi akichagua jina mojawapo, ametuonyesha amesimama ufuko upi. Nasi tusimsahihishe mwanafunzi kwa kalamu nyekundu eti mukeke si Kiswahili. Tumweleze kwamba majina yote mawili ni mali ya ziwa, na kwamba mhusika wa Buyenzi akisema mgebuka, msomaji ana haki ya kuuliza amejifunza wapi neno hilo. Huenda naye ni mtoto wa Ujiji.

Mipaka ya Utafiti

Baada ya kuusifu utafiti, yapasa kuuwekea mpaka. Hadithi si ushahidi wa mahakamani. Mwandishi ana ruhusa ya kusogeza mlima, kuunganisha mitaa miwili, na kubuni mwaka. Kusini kidogo mwa Bujumbura, mahali panapoitwa Mugere, lipo jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wako wanaosimulia kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana kwa mara ya kwanza. Maandishi ya wasafiri wenyewe yaonyesha kwamba walikutana Ujiji, kisha wakaja kaskazini pamoja kuchunguza mto Rusizi, wakathibitisha kwamba waingia ziwani wala hautoki. Mugere walipita tu.

Sasa, mwandishi akitunga hadithi ambayo mkutano ule unatokea Mugere, je, amekosea? Kama mwanahistoria, naam. Kama mtunzi, yategemea. Huenda amechukua masimulizi ya watu wa mahali pale kwa sababu hadithi yake yahusu tamaa ya kila mji kutaka tukio kubwa liwe lake. Kazi ya mwalimu ni kutofautisha kosa la kutojua na badiliko la makusudi, na hawezi kutofautisha asipojua ukweli kwanza. Utafiti haumfungi mwandishi. Humfumbua macho msomaji aone mwandishi amefanya nini.

Mpaka wa pili ni wa heshima. Mitaa ya mji wetu ina kumbukumbu chungu. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, nchi iliingia katika vita vya miaka mingi, na kwa wakati fulani kutaja mtaa unaokaa kulikuwa sawa na kutaja upande wako, hata kuhatarisha roho yako. Riwaya ya Gaël Faye, Petit pays, iliyotoka mwaka 2016, imeonyesha kwa lugha ya Kifaransa jinsi njia fupi ya mtaa wa Kinanira ilivyoacha kuwa uwanja wa michezo ya watoto. Mwalimu anaposomesha hadithi ya miaka ile, asimtake mwanafunzi aeleze yaliyoipata nyumba yao. Vitabu vya historia vipo; maneno yatoke vitabuni kwanza, na anayetaka kuongeza lake aongeze kwa hiari.

Njia ya Kufuata Darasani

Kwa manufaa ya wenzetu, twapendekeza hatua nne ambazo zaweza kufuatwa kwa vipindi viwili au vitatu.

Kwanza, wanafunzi waisome hadithi yote bila maelezo, kisha waorodheshe kila jina la mahali, kila neno la wakati, na kila kitu kinachohusu nyumba, njia, chakula na chombo cha safari.

Pili, wagawe orodha hiyo mafungu mawili: yaliyo ya kweli na yaliyobuniwa. Kwa yaliyobuniwa, wachunguze jina lenyewe lina maana gani.

Tatu, kila kundi lichukue jambo moja na kulitafutia maarifa. Si lazima wapate tasnifu ya chuo kikuu; mwalimu aweza kuwasomea ukurasa mmoja aliouandaa, au kuwatuma kwa wazee wa mtaa. Mzee wa Buyenzi anayekumbuka njia ilivyokuwa ni maktaba, mradi maneno yake yalinganishwe na ya mzee mwingine na ya kitabu.

Nne, na hatua hii isiachwe, warudi kwenye hadithi na kuisoma tena kwa sauti. Waulizwe: Sasa mwaona nini ambacho hamkukiona mara ya kwanza? Utafiti usiotufikisha kwenye usomaji wa pili ni somo la historia lililopotea njia likaingia darasa la fasihi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mandhari ya hadithi fupi ni historia iliyokunjwa, na kwamba utafiti ndio unaoikunjua. Tumeutumia mji wa Bujumbura kwa kuwa ndio ulio mbele ya macho yetu. Mwalimu wa Kigoma, Uvira, Tabora au Lamu atapata mifano yake mwenyewe, tena pengine bora kuliko hii.

Linalobaki ni kazi. Hadithi fupi za Kiswahili ambazo mandhari yake ni Buyenzi, Bwiza, Rumonge au ufuko wa Nyanza-Lac ni chache mno. Hatutazipata kwa kulalamika. Tutazipata kwa kuwafundisha wanafunzi wetu kwamba njia yenye namba yafaa kutungiwa hadithi kama unavyofaa mtaa wa Mji Mkongwe, na kwamba jua linalochwa nyuma ya milima ya Uvira halihitaji ruhusa ya jua la pwani. Wahenga walisema, usilolijua ni usiku wa giza. Ndugu walimu, taa ziko mikononi mwetu. Tuwamulikie watoto wa mji huu wauone mji wao, kisha tuwape kalamu.